Fomu Iliyokataa Kukaa

Kila Jumamosi, Chiriku alimsaidia shangazi yake saluni. Alifagia, akakunja taulo, na siku hizi alikuwa na kazi aliyoionea fahari: kuchagua fomu, zile karatasi zenye gundi zinazobandikwa chini ya ncha ya kucha ili akriliki, ule uji wa plastiki unaokauka na kuwa mgumu, itandazwe juu yake na kuunda kucha ndefu.

"Kucha bapa, fomu pana. Kucha iliyojikunja, fomu nyembamba," shangazi alimfundisha. "Ukiona mwanya hata wa unywele, itoe."

Siku hiyo alikuja mshonaji wa mtaani kwao kuwekwa kucha. Mdogo wake angeolewa kesho yake. Shangazi alikuwa bado anamwosha mteja mwingine nywele, kwa hiyo Chiriku akaanza kubandika. Vidole vingine vilikubali, kidole gumba kikagoma. Fomu pana iliacha mwanya. Nyembamba ikapinda.

"We mtoto, weka yoyote! Unanichelewesha," mshonaji alifoka.

Chiriku alifuta mabaki ya rangi nyekundu, akakiinua kidole kwenye mwanga. Nusu ya kucha ilikuwa imebanduka kwenye nyama, na chini yake palikuwa na ukijani kama wa mkate uliooza. Fomu ikamdondoka.

Mshonaji akaukunja mkono upesi. "Shh! Usimwambie shangazi yako. Funika tu, mwanangu. Kesho harusi."

Mtu mzima anamwomba afiche! Chiriku akaita: "Shangazi, njoo uone!"

Shangazi alikuja mikono ikiwa na povu. Alipoona, alishtuka. "Jamani, dada! Tangu lini?"

"Tangu nilipobandika zile kucha za mwisho," mshonaji alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliona aibu."

Shangazi alimpeleka zahanati palepale. Daktari naye alishtuka. Alimpa dawa, akasema kama mshonaji angeifunika tena, kucha yote ingeng'oka.

Kesho yake mshonaji alicheza harusini kidole kikiwa na bendeji, tena alicheza kuliko wote.

"Shangazi, kumbe hata watu wazima wanaogopa?" Chiriku aliuliza.

"Sana," shangazi akajibu. "Ndiyo maana ukiona ugonjwa unafichwa, sema, hata kama mwenyewe anakukataza. Atakununia leo, lakini atapona."