Upande wa Pili wa Meza

Ukumbi wa ofisi ya hifadhi ya jamii ulikuwa umefurika tangu saa mbili asubuhi. Watu walikaa bega kwa bega kwenye viti vya plastiki, bahasha mapajani, macho yote kwenye kibao cha namba. Fundi cherehani, msichana mrefu mwenye gauni la kijani alilolishona mwenyewe, alikuwa ameshaisoma barua yake mara nne, na kila mara hasira zilimpanda upya.

"Eti jicho moja linamtosha," alisema, bila kujali nani anamsikia. "Mtu kachomelea vyuma miaka thelathini, macho yamekwisha, wao wanasema jicho moja linamtosha. Waje wenyewe wachomelee."

Kijana aliyesimama karibu yake alikohoa. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi vizuri, ila kifungo cha pili kilining'inia kwa uzi mmoja.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Baba yangu. Wamemnyima pensheni ya ulemavu, nimefuata fomu ya rufaa." Akamtazama kifuani. "Na wewe, kaka, ukipiga hatua kumi hicho kifungo kimeanguka. Tulia hapo."

Akatoa sindano na uzi mkobani, akaanza kushona palepale. Msichana alinukia sabuni na kitambaa kipya, na alipoinama kukata uzi kwa meno, kijana alisahau kabisa kwamba alikuwa anakwenda kunywa chai.

"Nikushukuruje?"

"Nipigie simu ukidondosha kingine."

Hakuna kifungo kilichodondoka, lakini simu ilipigwa jioni ileile. Msichana akamwandika kwenye simu yake kwa jina la Kifungo. Yeye akaitwa Fundi, halafu Fundi wangu, na wiki ya tatu neno jingine likamponyoka kijana katikati ya sentensi.

"Umeniitaje?"

"Nimesema mtandao unakatika."

"Mtandao uko sawa. Rudia."

"Mpenzi."

"Haya, endelea na ulichokuwa unasema."

Jambo moja tu kijana alilikwepa. Akiulizwa kazi yake, alijibu, "Makaratasi," kisha akageuza mazungumzo. Ukweli ni kwamba alikuwa afisa wa mfuko huohuo wa hifadhi ya jamii uliomnyima mzee pensheni. Siku ile alikuwa anapita tu ukumbini, kitambulisho kikiwa mfukoni, na kazi yake ilikuwa kuutetea mfuko mbele ya baraza la rufaa. Kila alipotaka kusema, msichana alikuwa anawachambua watu wa mfuko mmoja mmoja, naye akanywea. Alijipa moyo kwamba shauri la mzee lilikuwa mikononi mwa mwenzake.

Siku ya kusikilizwa rufaa, mwenzake aliamka na homa. Faili likatua mezani kwa kijana zikiwa zimebaki dakika ishirini.

Chumba cha kikao kilikuwa kidogo, chenye meza ndefu na feni iliyolalamika. Mzee mchomeleaji alikaa wima, miwani myeusi usoni, amevaa koti alilolitunza tangu harusi yake. Binti yake alikuwa anamnyooshea kola mlango ulipofunguliwa. Kijana akaingia na faili, akasimama upande wa pili wa meza.

"Wewe?" msichana alisema kwa sauti ndogo.

Kijana hakukaa. "Mheshimiwa mwenyekiti, kabla hatujaanza. Nina uhusiano wa karibu na binti wa mrufani. Siwezi kuuwakilisha mfuko hapa. Naomba kujitoa."

Mwenyekiti, mama wa makamo, aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaahirisha shauri kwa wiki sita.

Msichana alimkabili kijana kwenye korido. "Miezi minane tumeingoja siku ya leo. Umenidanganya, halafu umetuchelewesha."

"Fundi, nisikilize."

"Usiniite Fundi. Baba amefanya mazoezi ya kujieleza wiki nzima. Leo tunarudi naye nyumbani na maneno yake mdomoni."

Kwenye simu alilifuta jina la Kifungo, akaandika Mfuko, na Mfuko ulipopiga hakupokea. Kesho yake ukaja ujumbe mmoja: "Sitakutafuta mpaka shauri liishe, watu wasije wakasema nimewapendelea. Nilikosea kwa kutokukwambia mapema. Nakupenda."

"Kapata kisingizio," msichana alisema, lakini ujumbe hakuufuta. Wiki ile alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

"Hiyo cherehani unaikanyaga kama imekukosea," baba yake alimwambia. "Ulitaka kijana afanye nini siku ile?"

"Angeniambia mapema."

"Hapo uko sawa. Na siku ile yenyewe, mwanangu?"

Msichana akainamia mshono wake.

Kikao kiliporudi, mzee alinyoosha vidole vyake vyenye makovu. "Jicho hili linaona kama niko ndani ya moshi," alisema. "Nikishika chuma, sijui kinaishia wapi na kidole changu kinaanzia wapi." Afisa mpya akafungua ripoti ya daktari wa macho. Ukurasa wa pili, ambao hakuna aliyeusoma mwanzoni, ulisema jicho lililobaki nalo lilikuwa linakwisha. Mwenyekiti akaikubali rufaa. Mzee atalipwa pensheni yake.

"Na yule afisa wa kwanza," mwenyekiti aliongeza huku akikusanya karatasi, "angenyamaza, leo mtu yeyote angeweza kuupinga uamuzi huu. Aliwalinda."

Msichana alimkalisha baba yake kwenye benchi chini ya ngazi, akapiga simu.

"Tumeshinda," alisema.

"Nimefurahi sana, Fundi. Sana."

"Nina mambo mawili. La kwanza, ulinidanganya."

"Ni kweli."

"La pili, nimekukumbuka."

"Uko wapi?"

"Hapa chini, kwenye jengo lenu."

Kijana hakungoja lifti. Alishuka ghorofa tatu akihema, tai imehamia begani.

"Kuna jingine hujaniambia?" msichana alimuuliza, mikono kiunoni.

"Nakoroma. Nimeomba kuhamia idara ya usajili. Na nataka kukuoa."

"Hilo la mwisho ungeanza nalo."

"Ungekataa."

"Ningekataa, halafu ningelia." Akamrudishia tai mahali pake, taratibu kuliko ilivyohitajika. "Mimi nimekubali. Kazi unayo kwa yule pale kwenye benchi."

Kijana akamsogelea mzee. "Shikamoo, baba. Mimi ni—"

"Marahaba. Sura yako siioni, ila sauti naijua. Ilisema ukweli mahali ambapo kunyamaza kulikuwa rahisi." Mzee akapapasa benchi, akampisha akae. "Njoo Jumapili na wazazi wako. Na kuanzia leo, binti yangu akikuuliza kitu, mjibu siku hiyohiyo."