Jiko la Pili la Kanali

Siku hiyo stoo ya pamba ya Homa Bay ilikuwa imejaa mpaka barabarani, magunia yamepangana, akina mama wamekaa juu yake wakijipepea na leso. Filister aliingia kutafuta kivuli tu. Alikuwa ametoka kufundisha mapishi kwa vikundi vya akina mama, gauni lake la manjano limeshika vumbi hadi magotini, na alikuwa amechoka ule uchovu wa kutotaka hata kusalimiwa.

Halafu akaona mwanaume amebeba mbwa kama mtoto.

Kijana mrefu, shati ya kaki ya veterinari, mikono imekunjwa, na jibwa limelala kifuani pake limetoa ulimi. Karani alimwambia hapo hupimwa pamba. Kijana akasema anajua, lakini dawa ya minyoo hutolewa kulingana na uzito, na huyu peke yake hakubali kusimama kwa mizani. Mzee mmoja kwenye foleni akauliza kama hiyo ni pamba ya daraja la kwanza. Karani akachoka kubishana. Akawapima wote wawili, halafu kijana peke yake.

"Pamoja, ratili mia mbili thelathini na sita. Wewe, mia na hamsini."

"Themanini na sita," Filister akasema kabla hajajizuia. "Huyo amezidi. Kwa kimo chake sabini ingetosha."

Kijana akageuka. "Wewe ni daktari wa mbwa?"

"Nilisomea chakula cha watu. Lakini tumbo ni tumbo."

"Basi nisaidie, mwalimu. Umeshajua hata uzito wangu na mimi sijui hata jina lako."

Akina mama wa magunia wakaguna kwa raha, na uchovu wa Filister ukapungua kidogo.

Aliitwa Maroa, Mkuria wa huko karibu na mpaka wa Tanzania. Serikali ilikuwa imemweka Rangwe, kwa josho la ng'ombe, na josho hilo lilitazamana na nyumba ya mama yake Filister, ng'ambo tu ya barabara. Mbwa aliitwa Kanali. Bwana wake, afisa mzungu, alifunga virago baada ya uhuru akamwacha na tabia zake zote za kula nyama na biskuti.

Wakakaa chini ya paa la stoo, Filister akauliza maswali yake. Mbwa ana miaka mingapi? Sita. Anafanya kazi gani? Analala. Amehasiwa? Ndiyo, mzungu alimhasi.

"Sasa sikiza," akasema. "Chakula ni kuni. Mbwa wa kuchunga anakimbia mchana kutwa, jiko lake linawaka, mwongeze. Jike anayenyonyesha, mpe hata mara mbili. Lakini huyu wako amehasiwa na analala kwa veranda. Ukitia kuni nyingi kwa jiko lisilopika kitu, zinaenda wapi?"

"Zinaenda kwa mbavu."

"Basi. Mkebe wa mafuta ya Kimbo, nusu asubuhi, nusu jioni. Ugali na omena, dagaa wa ziwani, ya kusaga. Ukitembea naye mbali, mwongezee ngumi moja."

"Ngumi yangu ama yako?"

"Yangu," Filister akasema, akaonyesha ngumi yake ndogo. Maroa akaishika, eti anapima.

Mapenzi yakaanzia hapo. Siku za kazi Filister alikaa Homa Bay kwa chumba cha kupanga, Jumamosi alirudi kwa mama. Maroa alimsindikiza mpaka kwa ua wa nyumba, hakuvuka. Mama, mjane asiye na maneno mengi, alimwona. Filister alipomwambia jina la kijana na kabila lake, mama aliendelea kupara samaki. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Miezi ikapita hivyo, na kunyamaza kwa mama kukamchosha Filister kuliko jua na barabara zote. Bila neno la mama hangeolewa, na hilo Maroa alilijua.

Wakampima Kanali tena. Tisini na mbili.

Filister aliona aibu kwanza, halafu hasira. Akapiga hesabu upya. Mkebe ulikuwa uleule, mbwa alikuwa yuleyule. "Maroa, mbwa hanenepi kwa upepo. Kuna jiko lingine."

"Mimi nampa vile ulisema. Mchana niko kwa josho, sijui anazurura wapi."

Leonida, rafiki yake wa kazini, ndiye alimsaidia kujua, ama alidhani anamsaidia. Alisema pale Rangwe kuna Phelesia, mkaanga samaki, mdomo mtamu, na kila Mkuria wa josho anacheka kwake. Akaongeza kwamba mbwa hula pale bwana wake anakula. Filister hakulala. Jumamosi iliyofuata alimpita Maroa barabarani kama anapita nguzo ya simu. Maroa alimfuata hatua chache akimwita mwalimu, kisha akasimama.

Halafu Maroa akahamishiwa Migori. Akaondoka na mbwa wake.

Siku moja karani wa ofisi ya Filister akamwita, simu kutoka Migori. Alishika mkono wa simu kwa mikono yote miwili. Opareta akawaunganisha, laini ikikwaruza kama mahindi kwa kikaango.

"Mwalimu, ni mimi. Nataka kukwambia ukweli hata kama utaniumiza. Kanali amepungua."

"Amepungua?"

"Mkebe ni uleule. Huku anashuka kila wiki, hata mbavu zinaonekana. Sijui nifanye nini."

Filister akafunga macho. Kwa hivyo ni kweli jiko lilikuwa Rangwe, kwa Phelesia. Alimwambia aongeze robo mkebe, kwa sauti ya mtu wa ofisi, akakata simu.

Jumamosi hiyo alifika nyumbani amechoka hata kuvua viatu ilikuwa kazi. Mama alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni, sahani ya vichwa vya samaki mkononi, anaangalia barabara.

"Nyathina," mama akasema kwa Kijaluo, yaani mtoto wangu, "yule mbwa hapiti siku hizi?"

Filister akabaki na kiatu kimoja. "Mama, ni wewe?"

"Alikuwa anakuja mchana. Niliona anapimiwa kwa mkebe, nikasema maskini, huyu kijana labda hana kitu."

"Ni mimi nilisema apimiwe."

"Basi ulimnyima." Mama akaweka sahani chini. "Wewe umesoma, lakini fikiri. Kijana mwenyewe nitamwita akule kwa nyumba yangu kama nani? Hajaleta hata ng'ombe mmoja. Mkwe hali kwa mama mkwe kabla ya wakati wake. Lakini mbwa hana mwiko."

"Na mbona Jumamosi hukumpa?"

"Ukiwa hapa? Ungejua nimekubali kabla sijawauliza baba zako wadogo. Sasa nimewauliza." Akamwangalia msichana wake vizuri. "Ningekataa, si ningemrushia mawe?"

Filister akakaa kwa kizingiti. Machozi yalikuja bila haraka, kama na yenyewe yamechoka.

Jumatatu alisimama posta ya Homa Bay mpaka opareta akampata Maroa.

"Nimepata jiko," akasema.

"La nani?"

"La mama."

Hata kwa Wakuria mkwe humstahi mama mkwe hivyohivyo, kwa hiyo Maroa hakuhitaji kufafanuliwa. Akasema kwa sauti ya chini.

"Vichwa vya samaki vyote hivyo... alikuwa ananilisha mimi."

"Alikuwa anakulisha wewe. Na mimi nilikutukana moyoni. Nisamehe, bwana dawa."

"Mimi nilikuwa nangoja tu uniite. Filister, nikija na wazee wangu na ng'ombe, utanifungulia ua?"

"Njoo."

"Na Kanali? Siku hiyo nimpe kiasi gani?"

Filister akacheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi, akaegemea ukuta wa posta.

"Siku hiyo usimpimie kitu," akasema. "Mje na njaa, nyinyi wote."