Nilisali Siku Tisa Nipate Kumkomoa Shemeji Yangu

Nina miaka sitini na tisa, na ninaishi peke yangu katika chumba cha kupanga huko Kihonda, Morogoro mjini. Mke ninaye, watoto ninao, lakini hakuna anayenipigia hodi. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma mpaka mmalize kusoma. Pengine mkimaliza hamtakuwa na huruma ya kunipa, na nitawaelewa.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, wakati ambapo milimani kwetu waliofika huko walikuwa wachache sana. Elimu hiyo ilinipa kiburi ambacho sikukijua kuwa ni kiburi. Nilimuoa Veronika, binti wa kijiji kimoja upande wa Mgeta, nikahamia kwao kulima mboga. Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume aliyeoa hulima shamba la ukoo wa mkewe kwa ruhusa ya ndugu za mke. Kabeji, karoti, njegere, chochote kinachovunwa msimu ukaisha, hakuna atakayekuuliza. Usichoruhusiwa ni kupanda mti wa kudumu, maana aliyepanda mti amedai ardhi.

Nililijua hilo tangu utotoni... nikapanda parachichi.

Nilijiambia kwamba ngazi za shamba lile la mteremkoni nilizichonga mimi kwa jembe langu kwa miaka mingi, hivyo nina haki. Kaka yake Veronika, Pius, ndiye aliyesimamia ardhi ya ukoo. Alinionya mara mbili kwa upole. Nikaongeza miche. Mara ya tatu alikuja Jumapili baada ya ibada, pamoja na wazee wa ukoo, akaing'oa yote mbele ya watu.

"Shemeji," aliniambia, mche ukiwa bado na udongo mkononi mwake, "parachichi litaishi kuliko wewe. Siku ukifa, watoto wa dada zako watakuja hapa kudai mti wa mjomba wao. Nitawajibu nini?"

Mzee mmoja akadakia, "Kwani huko kidato cha nne hawakukufundisha shamba ni la nani?"

Watu wakacheka. Veronika aliinamisha uso, na mimi nikaamini kwamba naye anacheka. Kicheko kile kilinikaa kooni kama mfupa. Nikila ninacho, nikilima ninacho, nikienda kanisani ninacho. Nilitaka Pius anyenyekee. Nilitaka nimwone kwa macho yangu, na watu wakitazama.

Ndipo nikaanza novena. Siku tisa mfululizo, alfajiri, nilipiga magoti na kumwomba Mungu aniongoze, anifungulie mlango wa kazi mjini, aitoe familia yangu mlimani. Kwa masikio ya mke wangu, hayo ndiyo niliyoyasema. Moyoni nilikuwa nikisema jambo jingine: Bwana, nipe nafasi nimkomoe Pius.

Siku ya tisa alinipigia simu rafiki niliyesoma naye. Akasema kuna nafasi ya mtunza stoo mahali fulani mjini, nifanye haraka. Ingekuwaje nisiamini? Nilitoka nje nikawatangazia majirani kwamba Mungu amejibu.

Veronika alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa. "Baba Tekla," alisema, "siku zote tisa umemwomba tuondoke. Hukumuuliza kama tuondoke."

Nilimwambia asibishane na Roho Mtakatifu. Alikuwa mwanamke wa sala kweli, na maneno hayo yalimfunga mdomo. Nikajua nimepata fimbo. Tangu siku hiyo, kila nilichokitaka nilikisema kwa jina la Mungu.

Tulishuka na vitanda, masufuria, binti yetu Tekla aliyekuwa kidato cha pili na mdogo wake Deo. Mama mkwe wangu, Bibi Anastazia, alitusindikiza mpaka barabarani akiwa na fimbo yake. Alimshika Veronika mkono asiuachie, hadi dereva akapiga honi.

Tulipofika Kihonda nilichukua laini ya simu ya mke wangu nikaivunja. Nilimwambia nimeonyeshwa katika sala kwamba tunaanza upya, na wa nyuma wabaki nyuma. Nikamkataza kupanda mlimani mpaka Mungu atoe kibali. Alilia siku mbili, kisha akatii. Mnaona nilivyokuwa? Nilikuwa nikimwadhibu Pius kwa kumnyima dada yake, na aliyeumia wa kwanza alikuwa mke wangu.

Ile kazi ya stoo haikuwepo. Alikwishawekwa mtu mwingine kabla sijafika. Niliwahi kumsikia padri akisema kwamba mlango uliofungwa nao ni jibu, lakini jibu hilo sikulitaka. Nilizunguka na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, geti moja hadi jingine, nikiambiwa umri umekwenda, niache namba. Veronika alikaanga vitumbua asubuhi akauza barazani, tukala kwa vitumbua hivyo kwa miezi mingi. Kila jioni aliniuliza kwa upole kama nisingependa turudi. Kila jioni nilimjibu kwamba Mungu anatupima.

Hatimaye nikapata kazi kwa mnunuzi mmoja wa mboga aliyekuwa na ghala lake mjini. Magari yalishuka kutoka mlimani yakiwa yamejaa, na kazi yangu ilikuwa kuchambua. Nikisema mzigo huu mzuri, unapokelewa. Nikisema mbaya, mwenyewe anaubeba.

Wiki ya pili, nani akaingia? Pius, na magunia yake ya karoti.

Wasomaji wenzangu, nilimshukuru Mungu palepale, kimya kimya, kwa machozi. Niliona ameniletea adui yangu mpaka mlangoni. Karoti zile zilikuwa nzuri kuliko zote za siku ile. Nikachukua moja, nikaigeuza, nikaivunja.

"Hizi zina mipasuko," nikasema. "Rudisha."

"Mipasuko iko wapi, shemeji?"

"Hapa hakuna shemeji. Mwingine!"

Nilimkataa mara hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Wapagazi walimpa jina la Bwana Rudisha, nami nikacheka nao. Nilirudi nyumbani nikila kwa hamu. Utamu ule siwezi kuwaficha, ulikuwa mtamu kweli. Mtu anayesema kisasi hakina ladha hajakionja.

Siku moja Pius alikuja bila mzigo. Alikuwa amebeba kifurushi cha maharage.

"Leo sikuja kuuza," alisema. "Mama hali tena chakula. Anamwita Veronika. Haya maharage ameyachagua mwenyewe kwa mkono wake, amesema mwanawe ayapike. Nionyeshe mnapokaa."

Nilipokea kifurushi. Nikamwambia nitamfikishia ujumbe.

Maharage niliyafikisha. Ujumbe sikuufikisha. Veronika alipoyaonja aliacha kutafuna akanitazama. "Haya ya kwetu," alisema. "Umeyatoa wapi?" Nikamjibu kwamba nimeyanunua sokoni. Alikula polepole, na mengine akayaweka kwenye kopo.

Siku tatu baadaye Pius akarudi. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa. Nilimwacha asimame nikachambua kabeji za gari zima. Nilipomaliza akasema mbele ya wapagazi:

"Shemeji, najua ni ile miche. Kuing'oa ilikuwa wajibu wangu. Kuing'oa mbele ya watu nilikosea. Nikikupigia magoti utaridhika?"

"Magoti ni ya Mungu," nikamjibu. Lakini sikuondoka. Nilisimama pale nikisubiri.

Akapiga. Mtu mzima, mwenye wajukuu, alipiga magoti juu ya majani ya kabeji yaliyooza, akasema, "Nisamehe. Mpe Veronika nafasi amwone mama." Mpagazi mmoja akageuza uso.

Nilikuwa nimepata kila nilichokiomba zile siku tisa. Kila kitu! Ningemwinua, tungekumbatiana, na leo ningekuwa mtu. Nilimwambia, "Nenda kawaambie kesho tunapanda."

Alinishukuru kwa mikono miwili.

Hatukupanda. Niliporudi nyumbani nilimkuta Veronika anafua, nikaketi nikamtazama, neno likafika kwenye ulimi... nikalimeza. Nilijiambia: na asubiri kidogo, aone uchungu wa kudharaulika. Siku moja tu. Kisha nikajiambia siku mbili.

Yaliyotokea mlimani niliyajua baadaye. Bibi Anastazia alipoambiwa tunakuja aliomba aogeshwe. Akavikwa gauni lake la kanisani, akakataa kulala. Alitaka akalishwe kwenye kiti mlangoni, atazame njia. Alikaa hapo siku ile nzima, na siku ya pili tena, akiuliza kila gari lililosikika kama ndilo. Siku ya tatu hakuweza kukaa. Walimzika bila mwanawe, wala Pius hakushuka tena kunijulisha.

Veronika alipata habari sokoni wiki kadhaa baadaye, kwa mama mmoja wa kijijini aliyempa pole na kumuuliza mbona hamkuja kuzika. Kutoka hapo alikuja moja kwa moja ghalani. Hakupiga kelele.

"Pius alikuja hapa?"

"Alikuja."

"Maharage yalikuwa ya mama?"

Nikainamia kabeji.

"Kwa nini?"

Nikajibu, na hata leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze, "Mungu alikuwa bado hajatoa kibali."

"Usimsingizie," alisema. "Mimi namfahamu. Huyo aliyekuwa akikutuma si yeye."

Kesho yake aliondoka na watoto. Sikuweza kuwazuia. Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama yao, na mjomba wao alikuwa na neno kuliko mimi. Nilipomshika Tekla begi aliniambia, "Baba, bibi alikuwa akikutengea uji wewe kwanza, kabla yetu." Nikaliachia begi. Ghalani nako niliacha. Mbele ya wapagazi wale nilishindwa kuinua uso.

Ulipita mwaka ndipo nikapata ujasiri wa kupanda kwenda kuomba radhi. Nilitarajia matusi. Nilitamani matusi! Pius alinipa kiti, akaagiza chai, akaniuliza hali ya mjini. Nilipoanza kuomba msamaha aliinua mkono.

"La kwangu lilikwisha," alisema. "La mama mimi si mwenyewe. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Nilikuwa nimejiandaa kwa adui, na sikumkuta. Ile hasira iliyonilisha miaka yote ikabaki haina pa kwenda. Sasa inanila mimi.

Nawasihi, ninyi mnaotaka kuhama, mnaotafuta kazi, mnaopiga magoti mkingoja kuongozwa. Salini. Mimi bado nasali, na najifunza kunyamaza nikimaliza kuuliza. Lakini kama kuna mtu unayetaka aumie, usitoke kwenye sala ukiwaambia mkeo na wanao kwamba umesikia sauti ya Mungu. Nenda kwanza kwa huyo mtu. Nenda leo, angali na mama anayeweza kukaa mlangoni.

Siku ile nilipoaga kwa Pius, Veronika alitokea shambani na jembe begani. Nilisimama. Sikujua nimwite vipi. Aliliweka jembe chini, akapiga goti kidogo kwa heshima, akanisalimia kama mwanamke wa kwetu anavyomsalimia mzee asiyemjua aliyekutana naye njiani.

"Shikamoo," alisema.

Nikaitikia marahaba. Akachukua jembe lake, akapita.