Kikaango cha Ijumaa

"Nguruwe, Onofre! Ijumaa ya Kwaresima unakaanga nguruwe mlangoni kwetu!"

Violant Pomar alilisukuma jiko la mkaa kwa kiatu, cheche zikaruka. Harufu ilikwishafika nusu ya mji wa Palma. Mchumba wake, fundi fedha mwenye mabega mapana na shati jipya la kitani, alibaki na uma mkononi.

"Si Alhamisi leo?"

"Muulize Bi Joana. Kapita sasa hivi, anatabasamu. Umewahi kumwona akitabasamu?"

Hakuwahi. Bi Joana, muuza mishumaa, alikuwa Mkristo tangu mababu, na hakumwacha mtu asahau. Mtaa wa mafundi fedha ulikuwa wa wajukuu wa Wayahudi waliobatizwa, na wengi walikaangia nguruwe barazani makusudi, waonekane wakila, wasidhaniwe bado wanashika dini ya Kiyahudi. Lakini siku ya mfungo? Baraza la Imani, mahakama ya kanisa, lilimwita mtu kwa kosa hilo, na si wote walioitwa walirudi.

"Siku tatu silali, namalizia kikombe cha kanisa," Onofre alisema. "Siku zimenipotea."

"Na kwenu hakuna mlango?"

Onofre aliinamisha kichwa. "Bi Joana anawaambia watu kisimani kwamba jiko lenu halinuki mafuta ya nguruwe hata siku moja. Nikasema, kabla hawajakuandika jina, waje wanuse."

Violant alilitazama lile jiko. Mwanamume huyu mzembe alikuwa amebeba jiko mtaa mzima kwa ajili yake.

"Violant, ingia ndani!" Baba yake, Gabriel, alikuwa dirishani. "Aende kwa padri akaungame kabla yule mwanamke hajafika. Anayejipeleka mwenyewe huhurumiwa. Sisi hatumo."

"Asipohurumiwa?"

"Uchumba umekwisha, na wewe uko salama. Sitaki kukuzika, mwanangu."

"Mzee anasema kweli," Onofre alisema taratibu. "Ingia, mpenzi. Nikirudi nitakuletea samaki."

"Ukirudi!"

Violant alivua aproni. Akafunga kitambaa chake cha buluu kichwani, kile cha kanisani, akakiinua kikaango kwa mpini.

"Wewe, unakwenda wapi?" baba aliuliza.

"Kwa padri. Mlango ni wangu, na huyu mjinga ni wangu."

"Wakimchukua, watakuchukua na wewe!"

"Najua, baba. Nikijificha leo, kesho Bi Joana atatafuta kingine, na nitakuwa sina wa kusimama naye."

Walitoka wakitembea kwa haraka. Bi Joana walimkuta kwenye kona, hadithi imemnogea, wanawake watatu wamemzunguka. Violant alimwamkia kwa adabu na kumpita na kikaango chake, mafuta yakiendelea kuchachatika.

"Mpenzi, acha niseme ni mimi peke yangu," Onofre alinong'ona mlangoni kwa padri.

"Thubutu."

Akagonga. Padri alifungua, akanusa, akakunja uso.

"Padri, tumekaanga nguruwe leo Ijumaa," Violant alisema. "Sote wawili. Hatujaonja, ila tumekaanga. Tumekuja kuungama."

"Sote—" Onofre alianza. Violant alimkanyaga mguu.

"Na Jumapili tunaomba ututangazie ndoa. Harusi baada ya Pasaka."

"Ndoa ya nani?"

"Yangu na huyu mpishi."

Akamkabidhi padri kikaango, akamshika Onofre mkono, wakaingia.