Siku Tisa za Jino la Mukamugema

Nyumba ya Mama Nyiransengimana ilikuwa mtaa wa Mapendo, juu ya mawe meusi ya volkano. Mwaka wa 1954 mtoto wake, Ndagijimana, alioa. Ndagijimana alikuwa fundi wa mawe. Kila asubuhi alibeba nyundo yake akaenda kuchonga mawe ya kujengea upande wa Katindo. Bibi yake aliitwa Mukamugema. Alitoka Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru.

Mukamugema alikuwa bado bibi arusi wa ndani. Kwa desturi yao, bibi arusi hatoki nje majuma ya kwanza. Hapiki, hafagii, hachoti maji. Anakaa nyuma ya pazia, anapakwa siagi, anakula vizuri. Watu wa nje hawaoni uso wake. Halafu wazazi wake wanakuja na vyakula na pombe, naye anafunuliwa mbele ya wote. Siku hiyo inaitwa gutwikurura. Tangu siku hiyo yeye ni mama wa nyumba.

Mama Nyiransengimana alimpenda sana. Hakuwa na mtoto wa kike. Kila jioni aliketi karibu na pazia akasali rozari. Alisema, "Salamu Maria," na Mukamugema alimjibu kutoka ndani, "Maria Mtakatifu." Mama alifurahi moyoni. Alimwambia Mungu, "Asante. Sasa nina mtu wa kunijibu."

Jioni moja mama alisali, na jibu halikuja.

"Mukamugema, umelala?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona hunijibu?"

"Ninajibu ndani ya moyo."

Mama alifungua pazia. Mukamugema alikuwa ameshika shavu. Sahani ya maharagi ilikuwa bado imejaa.

"Ni jino?"

"Ni jino, mama. Lakini ni kidogo tu."

Mama aliinua taa. Jino la chini, la nyuma, lilikuwa na tundu jeusi.

"Ni mududu," mama alisema. "Nyamaza, mutoto wangu. Kesho nitamutoa."

Kesho yake mama alichuma intobo, yale matunda madogo ya njano ya porini. Alikausha mbegu zake, akazichanganya na siagi, akazitupa juu ya kigae cha moto. Moshi ulipanda. Mukamugema alifungua kinywa juu ya moshi, na mate yake yalianguka ndani ya bakuli la maji. Alikohoa mpaka machozi yakatoka. Kisha mama alitazama ndani ya bakuli. Vitu vidogo vyeupe vilikuwa vinaelea juu ya maji.

"Umeona? Wadudu wenyewe hawa!"

Mukamugema aliona. Siku ile maumivu yalipungua kidogo, na wote wawili walimshukuru Mungu.

Jirani yao, Mama Saumu, alinusa moshi akaja. Watu wake walikuwa wafanyabiashara wa Maniema, na alipenda kucheka.

"Hodi! Nyiransengimana, munakausha nyama gani bila kuniita?"

"Si nyama. Nilikuwa natoa mududu wa jino."

"Mududu!" Saumu aliketi, akafungua kinywa chake kwa vidole viwili. "Angalia humu. Unaona nini?"

"Pengo."

"Sawa. Jino lilikuwa hapo. Nililifukiza moshi mpaka nikawa kama samaki wa kukauka. Mwishoni bwana yangu Mbaraka akanipeleka kwa munganga wa meno, kule kwenye njia ya ziwa. Nilienda nikilia. Nikarudi nikimutukana Mbaraka, kwa sababu alichelewa kunipeleka."

"Wewe ni mama wa watoto sita. Huyu ni bibi arusi. Hawezi kutoka."

"Jino linajua bibi arusi?"

"Na watu wa Kalengera nitawaambia nini? Walitupa binti mwenye meno yote. Siku ya kumufunua waone pengo?"

"Watakuja kuhesabu meno? Walikuuzia ng'ombe?"

Mama Nyiransengimana hakucheka. Ndagijimana alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Alitaka kusema neno, lakini alimtazama mama yake, akarudi nje.

"Tutafanya novena," mama alisema. "Siku tisa za sala. Mungu ana nguvu kuliko koleo la munganga."

"Mungu ana nguvu," Saumu alijibu. "Mimi simukatai. Lakini mutoto anaumwa leo."

Novena ilianza jioni ile. Siku ya kwanza na ya pili, Mukamugema alikunywa uji tu. Siku ya tatu shavu lilivimba. Mama aliloweka kitambaa ndani ya maji ya moto sana, akakiweka juu ya shavu. Alifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, kwa upendo wote. Hakujua kwamba joto lile lilikuwa linavuta usaha kuelekea nje, kwenye ngozi. Siku ya tano uvimbe ulishuka mpaka chini ya taya. Ngozi ikawa nyekundu na laini. Homa ilipanda. Siku ya sita Mukamugema hakuweza tena kufungua kinywa. Mama alimpa maji kwa kijiko kidogo, na nusu yake ilimwagika kifuani.

Siku ya saba Ndagijimana hakwenda kazini. Aliweka nyundo chini.

"Mama, leo namutoa."

"Siku mbili tu zimebaki, mwanangu. Tukiikata novena, tutakuwa tumemuambia Mungu nini?"

Mukamugema alisema jambo nyuma ya pazia. Meno yake yalikuwa yamefungana, na sauti ilitoka kwa shida. Mama aliinama karibu.

"Mama," alisema, "nisipomeza maji leo, siku ya tisa mutasali kwa ajili ya maiti."

Mama Nyiransengimana alisimama. Alichukua kitenge chake cha kanisani, akamfunika binti kichwa na uso. Kisha yeye mwenyewe alivuta pazia. Wakatoka mchana, mbele ya majirani wote. Ndagijimana alimshika upande mmoja, mama upande mwingine. Njia nzima mama alisali. Hakuna aliyemjibu.

Nyumba ya munganga wa meno ilikuwa ndogo na safi. Ndani kulikuwa na kiti kirefu cha chuma na harufu kali ya dawa. Msaidizi wake aliitwa Grégoire, infirmier, yaani muuguzi, mwenye koti jeupe. Alimkalisha Mukamugema, akatazama shavu bila kuligusa.

"Lilianza kuvimba siku gani?"

"Siku ya tatu ya novena," mama alisema.

"Na leo ni siku ya ngapi?"

"Ya saba."

Grégoire alimwita munganga. Walisema pamoja Kifaransa, upesi. Kisha Grégoire alirudi kwa mama.

"Mama, usaha umejaa. Unatafuta njia, na umekaribia kutoboa ngozi. Munganga ataukata hapa, chini ya taya, utoke. Akingoja, unaweza kushuka shingoni na kumuziba pumzi."

"Atamukata usoni?"

"Mungemuleta mapema, tungetoa jino tu. Hakuna mutu angeona kitu. Sasa alama itabaki."

Mama aliketi chini, kwenye saruji.

Munganga alifanya kazi yake. Usaha ulitoka mwingi, na siku hiyohiyo Mukamugema alimeza maji. Walimchoma sindano ya penisilini. Kwa siku tano alirudi kila asubuhi kuchomwa sindano. Homa ilishuka. Kinywa kilianza kufunguka. Siku ya sita Grégoire alisema, "Leo tunatoa jino lenyewe. Likibaki, usaha utarudi."

Mukamugema alishika mkono wa mama mkwe wake.

"Nitasikia maumivu?"

"Utasikia sindano kidogo kwenye fizi," Grégoire alisema. "Halafu upande huo utakufa ganzi. Utasikia munganga anasukuma. Ukisikia maumivu makali, inua mukono, naye atasimama."

Hakuinua mkono. Munganga alisukuma huku na huku, jino likatoka. Mukamugema aliuliza, "Tayari?" kwa mdomo mzito, kama mlevi, na Ndagijimana akacheka kwa mara ya kwanza tangu majuma mawili.

Grégoire aliweka jino juu ya pamba. Lilikuwa na mizizi miwili na tundu kubwa. Mama alilitazama kwa muda mrefu.

"Mududu yuko wapi?"

"Hayupo, mama. Chakula kinabaki kwenye meno, hasa kitu kitamu. Kinaoza, kinachimba tundu. Tundu likifika ndani, jino linauma. Likifika kwenye muzizi, linaleta usaha."

"Lakini mimi niliwaona wadudu! Kwa macho yangu. Ndani ya maji."

Grégoire hakumcheka. "Mama, ukifika nyumbani, choma intobo tena. Weka bakuli la maji pale pale. Lakini usiweke kinywa cha mutu juu ya moshi. Halafu tazama ndani ya maji."

Kisha alimwambia Mukamugema: "Uma pamba hii mpaka damu ikauke. Leo usisukutue, usile kitu cha moto. Kesho, sukutua polepole na maji ya vuguvugu yenye chumvi. Damu iliyoganda kwenye tundu ndiyo inafunika kidonda, usiitoe kwa kidole wala kwa ulimi. Na usinywe kitu kwa murija siku hizi. Ukivuta, damu ile inatoka."

Mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Na novena yangu? Nilikosa kusali?"

"Kusali hukukosa, mama. Lakini ungeweza kusali njiani, huku munakuja."

Nyumbani mama alichoma mbegu za intobo, peke yake. Juu ya moshi hapakuwa na kinywa cha mtu. Moshi ulipanda, mbegu zilipasuka na kuruka. Mama alitazama ndani ya bakuli. Vitu vidogo vyeupe vilikuwa vinaelea, vilevile kama siku ile. Vilikuwa viini vya mbegu. Alimwaga maji. Alikaa jikoni mpaka moto ukazimika, naye hakuweza kusali.

Siku mbili baadaye wazazi wa Mukamugema walifika kutoka Kalengera. Walileta viazi, maharagi, maziwa na mitungi ya pombe. Nyumba ilijaa. Pazia likafunguliwa, Mukamugema akatoka na kitambaa cheupe kilichofunika chini ya taya. Wageni walinong'ona. Baba yake, Muzee Hategekimana, aliweka mrija ndani ya mtungi, akanywa kwanza. Kisha akampa binti yake mrija uleule, kama ilivyo desturi.

Mukamugema alitikisa kichwa. Hakuupokea.

Kelele zote zilikwisha. Kukataa mrija wa baba yako mbele ya watu ni aibu kubwa.

"Unanikataa?" muzee aliuliza.

Mama Nyiransengimana alisimama. Angeweza kusema mtoto ana homa. Angeweza kusema alianguka juu ya mawe. Aliisikia midomo yake inatafuta uongo huo, akaomba nguvu, akasema:

"Hakukatai, muzee. Ametolewa jino, na munganga alimukataza murija. Hilo si kosa lake. Kosa ni langu. Alivimba siku ya tatu, nikamufungia ndani mpaka siku ya saba. Niliogopa muone pengo. Sasa pengo halionekani, lakini chini ya taya amekatwa. Mulinipa mutoto mwenye uso muzima, na nimewarudishia huu. Munisamehe."

Alifungua kitambaa mwenyewe, wote waone.

Bibi ya Muzee Hategekimana aliinama, akaanza kulia. Mwishoni muzee alisema:

"Mama, usibebe peke yako. Jino hili lilimuuma mwaka jana, nyumbani kwetu. Tulimukataza kusema, ili arusi isiharibike. Sisi ndio tulikuletea ugonjwa ndani ya uzuri."

Alitoa mrija ndani ya mtungi, akauweka chini. Akaomba kikombe. Alimimina maziwa yasiyo ya moto, akampa binti yake kwa mikono miwili. Mukamugema alikunywa polepole, kwa upande usio na kidonda, na watu wote walingoja mpaka amalize.

Tangu mwaka ule, mabibi arusi wa Mapendo wanakaa bado nyuma ya pazia. Desturi haikufa. Lakini akiumwa mmoja, watu wanamwita Mama Nyiransengimana. Anakuja na kitenge chake, anamfunika binti, anampeleka kwa Grégoire mchana, akisali njiani. Watatu wameshatolewa jino mapema. Nyuso zao hazina alama. Nyumbani kwake hakuna intobo tena. Kila mtu anasugua meno kwa mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na Ndagijimana, mwenye nyundo kubwa, anaogopa kukaguliwa kinywa na mama yake.

Mukamugema amezaa mtoto wa kike, jina lake Victoire. Jioni wanasali pamoja. Mama anasema, "Salamu Maria," na Mukamugema anajibu kwa sauti nzuri kama zamani. Victoire anakaa magotini mwa mama yake. Anapenda kuweka kidole kidogo ndani ya alama ile chini ya taya, kinaingia vizuri kama katika kitanda chake, naye anacheka.

Hapo Mama Nyiransengimana, akiitazama alama ile, anasahau amefika punje gani ya rozari. Anarudi kwenye ya kwanza, anaanza tena.