Kisu cha Mama Kilicholegea

Tak!

Sauti hiyo ilimfikia Orlane kila asubuhi ya kazi kabla hajafumbua macho. Kisha ilifuata nyingine, laini, halafu tena: tak! Hapo alijua kwamba mama yake, Mathilde, yuko uani na aproni yake ya kazi, anakijaribu kisu chake kidogo cha kukunja kabla ya kukitia mfukoni.

Mama Mathilde alifanya kazi kwenye kitalu cha miche hukohuko walikoishi, Gasenyi, pembezoni mwa Bujumbura. Alikuwa akipandikiza miparachichi. Anakata kichwa cha mche mchanga, anapasua shina katikati, anachomeka kijiti kutoka mti unaozaa vizuri, kisha anafunga kwa utepe wa plastiki. Yote hayo kwa kisu kilekile kimoja.

"Kikilia tak, ujue kizuizi cha mpini kimeuma," alimweleza Orlane. "Ubapa hauwezi kujikunja ukanikata vidole. Usikichezee hata siku moja."

Jumapili, baada ya misa, watoto wa jirani walikusanyika nyuma ya nyumba na chupa nne za Fanta. Hakukuwa na kifungua chupa. Bonfils, mwanafunzi mwenzake Orlane na bingwa wa kujisifu, akaanza:

"Mjomba wangu wa Kiriri ana kisu chenye vyuma kumi na viwili! Kina mkasi, kina msumeno, kina hata kijiti cha meno. Hicho cha mama yako, we Orlane, kinamenya nini? Karanga?"

Wenzake wakaangua kicheko. Orlane alisikia masikio yakimchoma. Mama alikuwa bado kanisani na wanakwaya. Akaingia ndani, akakitoa kisu kwenye aproni, akarudi nacho mbio.

"Tazameni, nyinyi wenye midomo!"

Alibana mgongo wa ubapa chini ya kifuniko, akanyanyua kwa nguvu. Kifuniko kikaruka. Cha pili, cha tatu. Watoto wakapiga makofi. Cha nne kilikuwa kigumu, akakandamiza kwa uzito wake wote. Kifuniko kilitoka, lakini ndani ya mpini kitu kikalia: krrk.

Alipokikunjua tena, kisu hakikusema tak. Kilinong'ona tu, na ubapa ukacheza kama jino la utotoni linalotaka kung'oka. Orlane hakumwambia mtu. Alikifuta, akakikunja, akakirudisha palepale.

Jumatatu asubuhi aliamka mapema kuliko sauti. Aliisikia akiwa mlangoni na mkoba wa shule: tsk.

"Leo kina nini hiki?" mama alijiuliza. "Labda vumbi." Akadondosha tone la mafuta ya kupikia. "Nitakiangalia vizuri kazini. Lori linakuja kuchukua miche, nimechelewa."

Maneno yalifika kwenye meno ya Orlane, yakaishia hapo. Yeye akasema, "Kazi njema, mama."

Darasani mwalimu alifundisha hesabu za sehemu, Orlane akasikia tsk, tsk. Bonfils alipomuuliza, "Umenuna nini, Madamu Fanta?" aliinamia daftari lake. Adhuhuri, kengele ilipolia, alikimbia moja kwa moja hadi kitaluni.

Alikuwa amechelewa.

Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kilicholowa damu. Ubapa ulikuwa umekwama kwenye shina, akautikisa juu na chini ili utoke, nao ukajikunja ukamkata vidole viwili. Mbele yake shefu Anselme, mkuu wa kitalu, alikuwa akimfokea Namegabe, mwanamume aliyehamia kutoka Uvira mwaka uliopita na aliyefanya kazi kwenye benchi moja na mama.

"Jumamosi uliazima kisu hiki. Nilikuona kwa macho yangu!"

"Ni kweli, shefu. Nikakata kamba, nikakirudisha kizima. Mi siharibu kitu cha mutu halafu ninyamaze."

"Mathilde, alikirudisha kizima?"

"Sikukijaribu aliponipa," mama alijibu kwa unyonge. "Sijui, shefu."

"Basi, Namegabe, kusanya vitu vyako. Mtu wa namna hii simtaki hapa."

Namegabe aliinama akaanza kuvua buti za kitalu, moja, kisha nyingine, akazipanga sawasawa kando ya benchi. Orlane alitazama soksi zake zilizotoboka. Akawaza kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Wazo hilo lilimtisha kuliko damu.

"Apana! Si yeye!" alipaza sauti. "Ni mimi! Nilikifungulia chupa za Fanta jana. Nilikisikia kikivunjika, nikakirudisha mfukoni."

Mama alimgeukia.

"Asubuhi ulikuwa mlangoni. Ile sauti uliisikia?"

"Niliisikia, mama."

"Ukaniambia kazi njema."

Orlane alilia. Hakuna kofi ambalo lingemuuma vile.

Anselme alikuna shingo. "Namegabe, nimekosea. Nisamehe, vaa buti."

"Nitavaa, shefu. Lakini sema tena kwa nguvu, wale wa nyuma hawakusikia."

Wafanyakazi wakacheka, hata mama. Anselme, uso umemshuka, akarudia kwa sauti kubwa.

Vidole vya mama vilishonwa kwenye zahanati. Jumamosi iliyofuata, Namegabe aliwasindikiza yeye na Orlane sokoni Jabe kutafuta kisu kingine. Muuzaji alinyanyua kimoja kikubwa, kinachong'aa, chenye vyuma vingi.

"Hiki ni cha kutishia majirani," alisema Namegabe. "Sisi tunatafuta cha kazi."

Akachukua kidogo chenye mpini wa mbao, akampa Orlane. "Kifunge. Ncha inaonekana? Haionekani, basi hakitakuchoma mfukoni. Sasa kikunjue. Kinaenea kiganjani? Kitikise karibu na sikio."

"Hakichezi."

"Ukandamize mgongo wake kwenye meza, polepole, vidole mbali."

Kizuizi hakikusogea. Namegabe akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kisu kizuri ni kile ambacho mwenyewe anakiamini bila kukitazama. Chuma chochote kinaweza kulegea, mutoto wangu, hilo si kosa. Kikilegea na mwenyewe akajua, anakiweka kando, hakuna anayeumia. Kilichomkata mama yako ni kulegea kulikofichwa. Na mimi nilikaribia kukosa kazi kwa jambo hilohilo."

Orlane alikiweka kisu mezani. Alivitazama vidole vya mama vilivyofungwa bendeji, kisha akainua uso.

"Papa Namegabe, na wewe mama, nisikieni," alisema, na safari hii sauti haikuishia kwenye meno. "Nikiharibu kitu cha mtu, nitamwambia siku hiyohiyo, kabla mkono wake haujakigusa."