Kigoda cha Koki na Stoo Yenye Unyevu

Mzee Ndolo alipokuwa hai, mlio wa tezo haukukosa nyuma ya nyumba yao kule Umoja. Ko, ko, ko, kutwa nzima. Sisi majirani tulilalamika sana. Leo natamani kuusikia tena, hata alfajiri.

Ndolo alichonga vinyago. Alipofariki, mkewe Muthoki alikusanya kazi zake za mwisho. Akaziweka katika stoo ya mabati uani, juu ya sakafu ya simiti. Alizifukia ndani ya maranda, yaani yale mabaki membamba ya mbao, kama alivyozoea kumwona mumewe akifanya. Kisha akaziba kila tundu. Humo mlikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Ndolo alikuwa amekichonga kwa ajili ya binti yao Koki, aende nacho siku ya kuolewa.

Masika yalipokwisha, Koki alikuja kukitazama kigoda chake. Harusi ilikuwa Desemba. Wakafungua stoo, wakafukua maranda.

"Mathe, cheki! Kimeshika ukungu!"

Miguu yote ilikuwa na ukungu mweupe. Maranda ya chini yalikuwa yameloa. Muthoki akaangua kilio.

"Kikioza hiki, nani atakuchongea kingine? Na mabati hayavuji hata kidogo!"

Habon, jirani anayeuza vitambaa, alisikia kilio akaja mbio.

"Pole, Mama Koki. Maji hayajatoka juu. Yametoka chini."

"Chini? Kwani simiti inapitisha maji?"

"Inapitisha, polepole. Mimi niliozesha vitambaa dukani ndio nikajua. Chukua kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote. Kesho tutaona."

Kesho yake waliibandua ile nailoni. Upande wa chini ulikuwa umejaa matone.

"Lakini Ndolo alifukia mbao kwenye maranda miaka yote!" Muthoki alisema.

"Mbao gani?"

Muthoki akafikiri. "Mbichi. Ndio zikauke polepole, zisipasuke."

"Sasa hiki kimekauka zamani. Maranda yananyonya maji ya sakafu na kuyashikilia kwenye mti. Na umeziba hewa, unyevu utapata wapi njia ya kutoka?"

Muthoki akacheka. "Ndolo angenicheka mimi!"

Koki akakibeba kigoda kwenda kukianika juani.

"Wee! Jua litakipasua!" mama yake akamkemea. Hapo mwalimu alikuwa yeye. Walijifunga leso puani, wakapangusa ukungu nje kwa kitambaa kikavu, wakakiweka kivulini penye upepo.

Halafu wakaivamia stoo. Waliondoa udongo uliolundikana ukutani. Wakachimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali. Maranda yote yalifagiliwa, na mlango ukaachwa wazi mchana mpaka sakafu ikakauka. Wakatandaza nailoni nzito, vipande vikilaliana, kingo zikipanda ukutani kidogo. Juu yake wakapanga paleti, zile fremu za mbao za kuinulia mizigo, kutoka dukani kwa Habon.

"Vitu vikae juu ya paleti, visiguse ukuta," Habon alisema. "Na utoboe matundu ya hewa, huku na upande wa pili, hewa ipite."

Matundu yakatobolewa karibu na paa na kuwekewa wavu, panya wasiingie.

Mvua za vuli zilinyesha vibaya. Uani pakawa matope matupu. Muthoki alifungua stoo kwa wasiwasi, akapitisha kiganja chini ya kila mguu wa kigoda. Kikavu kabisa.

Siku ya harusi alikitoa mwenyewe mbele ya wageni.

"Keti nikuone," alimwambia Koki. "Babako alitaka sana kukuona umekikalia."

Koki akakunja gauni lake, akaketi. Kigoda hakikuyumba. Muthoki alikuwa ameapa kwamba hatalia siku hiyo. Alilia, nasi majirani tukalia naye.